Goti Lililoumia kwenye Theluji Haba: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Jumapili ya mwisho ya Machi, miaka michache iliyopita, mpwa wangu anayesoma Marrakech alianguka akiteleza kwa skii katika milima ya Atlas nchini Moroko, akaumia goti la kulia. Habari ilifika Ujiji jioni ileile kwa simu, na kabla watu hawajalala familia ilikwisha kutoa hukumu tatu. Dada yangu, mama wa kijana, alisema mwanawe ameponzwa na mbio. Baba yake mdogo alilaumu vifaa vya kukodi. Waliobaki, nao ndio waliokuwa wengi barazani, walishikilia kwamba ni mawe yaliyomwangusha, kwa kuwa kijana mwenyewe alikuwa ameandika kuwa theluji ilikuwa haba na mawe yanachomoza kila mahali. Kwa kuwa nilifundisha jiografia hadi nilipostaafu, niliombwa niseme nani ana haki. Sikutaka kubahatisha. Nilimwomba kijana anitumie kila picha aliyopiga siku hiyo pamoja na maelezo ya sauti, na alipokuja likizo mwezi Julai tulikaa nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, siku mbili nzima tukiipanga siku ile upya, saa baada ya saa. Ninayoyaandika hapa ni matokeo ya kazi hiyo, na mwenyewe ameridhia yaandikwe.

Mahali penyewe panaitwa Oukaïmeden. Ni kijiji kilicho kwenye kimo cha karibu mita 2,600, kusini mwa Marrakech, na lifti hupandisha watu hadi karibu mita 3,200. Theluji ya huko ni ile inayoanguka yenyewe kutoka mawinguni, kwa kawaida kuanzia Desemba au Januari, na ikifika mwisho wa Machi huwa imebaki vipande vipande: mabonde yenye kivuli yangali meupe, migongo ya milima imekwisha kuvuliwa nguo. Anayeteleza wakati huo hafuati njia moja pana kutoka juu hadi chini. Anaunganisha vipande, na mahali ambapo vipande havikutani huvua mbao zake za kutelezea, akazibeba begani na kutembea. Msomaji akumbuke kutembea huko, kwa sababu ndiko kisa kilikoanzia.

Neno "haba" liliwapotosha ndugu zangu tangu mwanzo. Walidhani theluji kidogo ni theluji dhaifu, kama vumbi la barafu linaloota kwenye kuta za friza ambalo ukilikwangua kwa ukucha linatoka. Theluji mpya ndivyo ilivyo: mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 tu, sehemu kubwa ni hewa. Lakini theluji iliyokaa wiki nyingi, ikayeyuka mchana na kuganda usiku mara kadhaa, hushikamana ikawa chembe kubwa kama chumvi ya mawe, na uzito wake hufika kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo sentimita 20 za theluji hiyo kongwe zina maji mengi kuliko sentimita 60 za theluji iliyoanguka jana, na asubuhi ikiwa imeganda humbeba mtu mzima bila kuacha alama ya mguu. Kijana alichomeka fimbo yake sehemu kadhaa akapata kina cha kama shubiri moja. Kwa asubuhi ile kina hicho kilitosha, na nasema hivyo nikijua kwamba dada yangu hatapenda kulisoma.

Alifika saa 3 asubuhi akaikuta theluji ngumu kama sakafu. Usiku ulikuwa mweupe, bila wingu, na anga likiwa wazi uso wa theluji hutoa joto lake kwenda juu na kuganda hata pale ambapo hewa yenyewe haijafika nyuzi sifuri. Watu wenye uzoefu hungoja. Yeye naye, baada ya kujaribu kugeuka kidogo, alingoja, akinywa chai ya mnanaa, mpaka saa 5 hivi, uso ulipolainika sentimita mbili za juu huku chini kukiwa kungali kugumu. Hiyo ndiyo hali bora ya theluji ya mwisho wa msimu: mbao zinashika vya kutosha kugeuka, lakini hazizami. Alishuka mara sita kwenye mteremko wa wanaojifunza, unaoelekea mashariki, hakuanguka hata mara moja. Ilikuwa safari yake ya tatu tu kwenye theluji. Mafanikio hayo ya mara sita yalimfundisha kanuni ambayo ilikuwa kweli kwa mteremko ule na kwa saa ile tu, naye akaibeba mchana kutwa kana kwamba ni kanuni ya mlima mzima.

Tuangalie jua lilifanya nini wakati yeye anafurahi. Theluji safi hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ile ya Atlas mwezi Machi haikuwa safi. Katika picha ina rangi ya chai ya maziwa iliyofifia, kwa sababu Sahara iko upande wa pili wa milima na upepo huleta vumbi lake. Theluji yenye vumbi hurudisha nusu tu, pengine pungufu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334. Ukichukua jua la mchana wa milimani lenye wati 800 kwa mita ya mraba, na theluji inayonyonya nusu yake, unapata zaidi ya kilo nne za maji kwa kila mita ya mraba kila saa, yaani karibu sentimita moja ya theluji kongwe. Hiyo ni hesabu ya ubaoni, haikuondoa joto linalopotea kwa upepo, ila inatosha kuonyesha kwamba penye shubiri moja saa 5 hapakuwa na shubiri moja saa 9. Tena tabaka likiwa jembamba hivyo, mwanga hupenya mpaka ardhini, ukapasha moto mawe na udongo, na theluji ikaliwa kutoka chini pia. Juu panaonekana pazima, chini pana uvungu wenye maji.

Jambo la pili ni kimo cha jua. Mwishoni mwa Machi jua la adhuhuri katika sehemu hiyo ya Atlas hufika karibu digrii 61 juu ya upeo. Katika milima ya Alps, pale Innsbruck nchini Austria kwa mfano, jua halifiki kimo hicho mpaka katikati ya Mei. Kijana alikuwa amejifunza mengi kwa kutazama video za Wazungu wakiteleza mwezi Machi, wakisema kwamba Machi ni mwezi mzuri, na kwao ni mwezi mzuri kweli. Yeye alikuwa kwenye Mei yao bila kujua.

Na saa je? Hapa ndipo dada yangu alipokosea, na kosa lake lina faida kwetu. Ujumbe wa kwanza kutoka mlimani uliingia kwenye simu yake saa 10:52, akaamini mwanawe alianguka jioni, amechoka, giza linakaribia. Lakini saa ya Moroko ilikuwa nyuma ya yetu kwa saa mbili. Kule ilikuwa saa 8:52 mchana. Kisha, saa ya huko yenyewe iko mbele ya jua. Tangu mwaka 2018 Moroko imebaki na saa iliyosogezwa mbele karibu mwaka mzima, isipokuwa Ramadhani, na Marrakech iko magharibi mno kwa saa hiyo, kiasi kwamba mwishoni mwa Machi jua hufika katikati ya anga saa 7 na dakika 37 hivi. Sisi wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tunaishi magharibi ya mwisho ya nchi inayotumia saa moja na Dar es Salaam, na jua letu huzama wao wakiwa gizani zaidi ya nusu saa. Kijana alijua hilo la nyumbani tangu utotoni, lakini hakulihamishia kule. Aliona saa 9 inakaribia kwenye simu akadhani joto limeanza kupoa. Kumbe kwa jua lenyewe ilikuwa saa moja na robo tu baada ya adhuhuri, na miteremko inayoelekea magharibi ndiyo kwanza inaingia kwenye moto wake.

Sasa mteremko. Baada ya chakula cha mchana sehemu ya wanaojifunza ilikuwa imegeuka uji, na watu wakahamia upande mwingine ambako theluji ilionekana nzima zaidi. Ili kufika huko walivua mbao na kuvuka mgongo ulio wazi, hatua mia moja hivi, juu ya nyasi zilizolowa, tope na changarawe. Kijana aliuvuka mara tatu, kwa maana alishuka huko mara tatu. Katika picha ya mara ya pili, ambayo alijipiga kwa kujifurahisha, buti zake zinaonekana wazi: nyayo zimejaa tope jekundu lenye vijiwe, na yuko karibu kuzikanyagisha kwenye vifungio, yaani vibano vinavyoshika buti juu ya mbao. Picha hiyo niliiangalia mara nyingi kuliko zote. Yeye aliituma ili tuione milima iliyo nyuma yake.

Njia ya kushuka ilianza kwenye korongo fupi lililo chini ya ukuta wa mwamba. Ukuta uko upande wa kusini, kwa hiyo korongo lilikuwa kivulini tangu asubuhi na theluji yake ilikuwa ngumu na yenye kasi. Mdomo wa korongo unafunguka kwenye uwanda mdogo unaotazama magharibi, na pale jua lilikuwa likipiga moja kwa moja. Mara mbili za kwanza alipita mdomo huo kwa shida kidogo, akahisi mbao "zinavutwa", neno lake mwenyewe, lakini hakuanguka. Mara ya tatu alitangaza kwamba ni ya mwisho. Alishuka korongoni taratibu, kwa mtindo wa wanaojifunza, ncha za mbao zimekaribiana mbele na mikia imetanuka nyuma kama kabari. Alipotoka kivulini ubao wa kulia ulitangulia kuingia kwenye theluji ya maji ukasimama. Wa kushoto ulikuwa ungali kwenye theluji ngumu, ukaendelea. Mwili ukageuka kufuata ubao unaokwenda, mguu wa kulia ukabaki ulipo, goti likajikunja kwa ndani. Alianguka polepole, kama mtu anayeketi. Ubao haukufunguka.

Kuhusu mawe, ushahidi unayaachia huru. Kijana mwenyewe mwanzoni alisema amegonga jiwe, na kweli alituma picha ya mchubuko mrefu chini ya ubao. Lakini nilipomwomba aipange picha hiyo na nyingine, ilidhihirika kwamba ubao wenye mchubuko ni wa kushoto, unatambulika kwa kibandiko kilichong'oka nusu, ilhali goti lililoumia ni la kulia. Mchubuko aliupata asubuhi, akausahau. Mtu aliyeanguka hutafuta sababu inayoonekana, na jiwe linaonekana. Kwa wanaoteleza kwenye theluji haba jiwe linalochomoza si adui mkubwa hata hivyo, unalikwepa. Linaloharibu ni lile lililofunikwa na sentimita tatu au nne, ambalo dalili yake ni doa la kijivu au kijivimbe kidogo, na ndiyo maana wenye mchezo wao huweka jozi ya mbao kuukuu kwa ajili ya wiki za mwisho, wasije wakachana zile nzuri.

Mbio nazo hazina hatia, na hapa nilibishana na dada yangu kwa muda mrefu. Kama kijana angekuwa na kasi, huenda goti lingesalimika. Kifungio cha skii kimetengenezwa kumwachia mtu pale nguvu inapozidi kipimo: mbele kinafunguka kwa ubavu mguu unapopindishwa, nyuma kinafunguka kwa kwenda juu mtu anapotupwa mbele. Anguko la ghafla lenye nguvu hukifungua. Anguko la polepole, lenye uzito wote wa mwili juu ya goti lililopinda, mara nyingi halifikii kipimo, na nguvu ambayo haitoshi kufungua chuma inatosha kabisa kuchana ligamenti, yaani kano inayounganisha mifupa ya goti. Ligamenti ya upande wa ndani wa goti ndiyo huumia sana kwa wanaojifunza, na mtindo wa kabari ndio unaoiweka hatarini.

Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyevua dagaa miaka mingi kutoka mwalo wa Kibirizi, alikuwa kimya muda wote wa mabishano ya barazani. Nilipofika kwenye maelezo ya kivuli na jua alisema, "Huyo hakujikwaa. Huyo amegota." Alimaanisha mtumbwi wenye mashine unapofika ufukweni: sehemu ya mbele inagusa mchanga, tezi bado inasukumwa, na aliyesimama huanguka ijapokuwa chombo kilikuwa kinakwenda polepole. Baharia mzoefu huzima mashine kabla na kukunja magoti. Sijapata maelezo bora ya jinsi theluji ngumu inavyokutana na theluji ya maji, na kijana alipoyasikia mwezi Julai alicheka, akasema angeambiwa hivyo kabla angeelewa mara moja, kwa sababu amewahi kuanguka hivyo mara nyingi pale pale Kibirizi.

Linabaki swali la kifungio. Kwa nini hakikufunguka? Baba mdogo ana jibu lake: vifaa vilikuwa vya kukodi kando ya barabara, na aliyekodisha aliuliza ukubwa wa kiatu tu, hakuuliza uzito wala kama kijana ni mgeni wa mchezo. Lawama hiyo ni ya haki. Kipimo cha kifungio hupangwa kwa uzito, kimo, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti, na aliyepewa kipimo cha mtu mzito kuliko yeye amefungiwa mguu. Lakini ningekosa uaminifu kama ningeishia hapo, kwa kuwa asubuhi, kijana alipokuwa akijaribu kugeuka kabla ya theluji kulainika, ubao wa kulia ulifunguka wenyewe mara moja. Nilimuuliza mara tatu kwa siku tofauti, na jibu halikubadilika. Kifungio kilekile, kipimo kilekile, kilifanya kazi saa 4 asubuhi, kikakataa saa 8:50 mchana.

Kilichobadilika katikati ni tope. Chini ya ncha ya buti, kwenye kifungio cha mbele, kuna kibao laini kilichowekwa makusudi ili soli iteleze kwa ubavu inapotakiwa kuachiwa. Tope likiingia hapo, na hasa tope lenye changarawe, linafanya mambo mawili kwa pamoja: linaongeza msuguano pale palipotengenezwa ili pasiwe na msuguano, na linainua buti, likalibana kwa nguvu dhidi ya taya za kifungio. Kipimo kinachosomeka kwenye kidirisha hakibadiliki hata kidogo, ila nguvu inayohitajika kufungua inaongezeka. Kijana alikanyaga tope mara tatu na kila mara aliingiza buti bila kulikwangua. Wenzake wawili walikuwa wakigongagonga nyayo zao kwa fimbo kabla ya kuvaa, na alidhani wanapunguza uzito.

Kwa hiyo theluji haba ilihusika, lakini kwa njia ambayo hakuna aliyeitaja barazani. Ilimlazimisha kutembea. Kama theluji ingekuwa imefunika mlima wote, buti lisingegusa udongo kutoka asubuhi hadi jioni. Hukumu yangu, ambayo baba mdogo hakubaliani nayo mpaka leo, ni kwamba kati ya makosa mawili ya siku ile, yaani saa na tope, la saa ndilo lililomwangusha na la tope ndilo lililomuumiza. Bila la kwanza asingeanguka pale. Bila la pili angeanguka, ubao ukaruka, akainuka na kujipangusa.

Ninapoulizwa alipaswa kufanya nini, jibu langu halihusu ile mara ya tatu. Uamuzi ulikuwa wakati wa chakula, saa 7, aliposhuhudia mteremko wa mashariki umekuwa uji. Upande wa magharibi ulionekana mzima kwa sababu ulikuwa nyuma ya mwenzake kwa saa mbili tu, ukielekea kulekule. Angeutumia mara moja, mapema, kisha afungashe. Na kama alitaka kuendelea, angesimama ndani ya kivuli kabla ya mdomo wa korongo, aruhusu mbao zote mbili zielekee mbele sambamba, uzito uwe sawa miguu yote na urudi nyuma kidogo tu, avuke mpaka wa jua moja kwa moja bila kugeuka, kisha ndipo ageuke. Mara mbili mbao zilimwambia zinavutwa. Hakuna alama iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Alishushwa kwa punda hadi kijijini, na hospitalini Marrakech ikaonekana ligamenti ya ndani imechanika nusu. Hakupasuliwa. Alifungwa kifaa chenye bawaba kinachoruhusu goti kukunjika lakini si kwenda pembeni, akaendelea na masomo kwa magongo wiki tatu, na mwezi Julai alipanda mlima wa kutoka ziwani hadi Mwanga pamoja nami, akinisubiri mara mbili.

Nilimsomea dada yangu andiko hili jioni moja mwezi Septemba, kijana akiwa amekwisha kukata tiketi ya kurudi chuoni. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema lolote kuhusu mbio, akaingia jikoni akarudi na kisu kifupi butu anachotumia kuparia magamba ya samaki, akakiweka mezani karibu na begi. Kisha akauliza kama ndege itamruhusu kukibeba.